Kituo cha mwanangu Kimara: miezi 11, na kwa nini simhamishi

Wifi yangu anatarajia kujifungua mwezi wa nane, na juzi alinipigia akauliza, "Wifi, hivi wewe mtoto unamwacha wapi?" Nilianza kumjibu kwa maneno mawili matatu, tukaongea mpaka dakika zikaisha. Nimeona bora niandike yote, maana si yeye peke yake anayeuliza. Dukani kwetu tuko wanawake wanne tuliojifungua ndani ya miaka miwili, na kila mmoja ana habari ya dada wa kazi aliyeondoka bila kuaga, au ya kituo cha kulelea watoto alichomtoa mtoto huku mama mwenyewe analia.

Jina la kituo sitaliweka. Nyumba yenye watoto wadogo 22 haifai kutangazwa mtandaoni pamoja na njia ya kufika, na mwenye kituo mwenyewe ameniomba hivyo. Kiko Kimara, upande wa Korogwe. Kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi ni dakika 7 kwa miguu ukiwa peke yako, 12 ukiwa na mtoto mgongoni na begi mkononi, kwa sababu kuna mlima. Mwanangu aliingia pale Julai mwaka jana akiwa na miezi 8. Sasa ana mwaka mmoja na miezi 7. Nitaandika nilichokiona ndani ya muda huo, kizuri na kibaya.

Lakini siwezi kukieleza kituo hiki bila kueleza kilichotangulia, maana bila kile cha kwanza nisingejua hata cha kutazama.

Mimi ni karani wa mauzo kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi, Gerezani, Kariakoo. Likizo ya uzazi kwa sheria zetu ni siku 84, na 100 kwa aliyejifungua mapacha. Baba anapewa siku 3. Mume wangu ni dereva wa lori la Tunduma. Siku zake 3 zilikwisha kabla hata kitovu cha mtoto hakijadondoka. Nilirudi kazini mtoto hajatimiza miezi mitatu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa 2 za muda wa kazi kila siku kwa ajili ya kunyonyesha. Ila ukiwa Gerezani na mtoto yuko Kimara, saa 2 zote zinaishia kwenye foleni na njiani. Nilimwomba bosi niziweke zote mwisho wa siku, nitoke saa 9 alasiri badala ya saa 11, akakubali. Nalisema hili kwa sababu wenzangu wawili dukani hawakujua kama ni haki yao. Walidhani bosi alinionea huruma.

Dada wa kwanza alikaa miezi miwili, akapata msiba kwao Singida, akaondoka, hakurudi. Simlaumu. Alikuwa na miaka 19, na mtoto wa mtu mikononi kutwa nzima, kwenye vyumba viwili ambavyo hamjui jirani hata mmoja.

Nikaenda kituo cha kwanza. Sitataja hata mtaa wake. Ukutani kulichorwa twiga na tembo, televisheni kubwa, mazulia mapya, walezi wamevaa sare. Kila jioni nikimchukua mtoto nauliza ameshindaje, na jibu ni lile lile: "Mzima mama, hana shida." Amekula? "Amekula, hana shida." Amelala? "Amelala vizuri, hana shida." Mwanzoni nilifurahi. Nani hapendi kuambiwa mtoto wake hana shida? Chupa mbili za maziwa nilizokamua alfajiri zilirudi tupu, lakini tukifika nyumbani ananyonya kama hajaona ziwa tangu juzi. Pampasi nilizopeleka tano zinarudi nne, na ile moja aliyovaa imejaa hadi imening'inia. Na usingizi. Nilikuwa namchukua saa 10 na nusu amelala, nambeba amelala, namwogesha amelala. Mtoto wa miezi saba unammwagia maji kichwani hafumbui jicho.

Alhamisi moja nilikuwa nakung'uta begi lake, kikadondoka kikombe kidogo cha plastiki, vile vya kupimia dawa ya maji. Chini kulikuwa na utelezi wa rangi ya waridi umekaukia, unanukia stroberi. Mwanangu hakuwa na mafua. Hakuwa anaumwa chochote. Nilikaa chini sakafuni nikakinusa kile kikombe mara tatu, mara nne, kana kwamba harufu ingebadilika.

Asubuhi nilikwenda kuuliza. Jibu: "Alikuwa na mafua kidogo mama, tukampa cha kumsaidia. Hana shida." Nilimchukua mtoto pale pale, hata ada ya mwezi sikuirudia. Kliniki nesi aliniambia wazi kwamba dawa za mafua zinazoleta usingizi hazitakiwi kabisa kwa mtoto wa chini ya miaka 2, kwa sababu zinaweza kumdhoofisha pumzi akiwa usingizini. Nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii nikaandika maelezo. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya 2009 kituo cha kulelea watoto wadogo mchana lazima kisajiliwe, na kwamba pale nilipokuwa napeleka mtoto hapakuwa na usajili wowote. Sikuwahi kuuliza. Niliangalia twiga.

Yule afisa akanipa maneno matatu ambayo nayarudia kwa kila mtu. Usipige simu kabla ya kwenda kukagua. Nenda saa 5 asubuhi, muda ambao watoto wana njaa na usingizi kwa pamoja. Na ukifika, hesabu watu wazima kabla hujahesabu vitu vya kuchezea.

Nilifanya hivyo kwenye vituo vitatu. Cha tatu ndicho hiki.

Nilipobisha hodi nilisikia mtoto analia. Geti lilikuwa na komeo kwa juu, mahali mtoto hafiki, na nililipenda komeo hilo kabla ya kupenda kitu kingine. Mwenye kituo ni mama wa makamo, mwalimu wa chekechea mstaafu. Watoto na wazazi wote tunamwita Bibi. Alitoka na mtoto begani, kanga imelowa makamasi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ngoja kwanza, huyu kaamka vibaya."

Akaniacha nimesimama kibarazani pengine dakika tano, anamtembeza yule mtoto, anamwimbia polepole, hana haraka na mimi mwenye pesa ya ada mfukoni. Cheti cha usajili kilikuwa ukutani karibu na mlango, chini kidogo, unakisoma bila kunyanyua shingo. Nikahesabu watu wazima: chumba cha wachanga dada 2 kwa watoto 7, chumba cha wakubwa dada 2, mpishi 1, na Bibi mwenyewe. Jiko liko nje, lina mlango. Ndoo zote za maji zilikuwa na mifuniko, na pipa la bafuni pia. Nilimuuliza Bibi kuhusu ndoo, akanijibu kwamba mtoto anayeanza kusimama akiangukia kichwa kwenye ndoo yenye maji kidogo tu hawezi kujitoa, na kwamba jambo hilo halina kelele, hutasikia. Tangu siku hiyo na mimi nyumbani ndoo nafunika.

Halafu akaanza yeye kuniuliza mimi. Mtoto analala kwa kubebwa au kwa kulazwa? Nani mwingine ataruhusiwa kumchukua? Kadi ya kliniki iko wapi? Akaipiga picha kurasa zote. Dawa hawatoi bila maandishi ya mzazi na ya aliyeiandika, na chupa ibaki na lebo yake. Mwisho akatoa daftari la kurasa 48, jipya, akaandika jina la mwanangu juu.

Daftari hili ndilo ninalolipia. Nikisema hivyo watu wanashangaa, lakini ndivyo ilivyo.

Kila ukurasa ni siku moja, umepigwa mistari kwa rula: Alikuja, Alikula, Alilala, Choo, Mengineyo. Mwandiko ni wa dada aliyekuwa naye siku hiyo, si wa Bibi. "Alikuja amechangamka. Uji saa 3, nusu kikombe, alikataa uliobaki. Maziwa saa 6, ameyamaliza. Alilala saa 6.40 mpaka saa 8. Choo mara 2, cha pili laini." Ukisoma unajua usiku utakuwaje. Ukiona amelala dakika 30 tu mchana, unajua saa 1 jioni atakuwa hoi, unamwahisha kuoga. Siku za mwanzo nililisoma ndani ya basi nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba, na mwanangu kifuani anavuta karatasi. Kona moja ya daftari la kwanza ameila.

Lakini safu muhimu ni ile ya Mengineyo, kwa sababu humo ndimo wanapoandika mabaya.

Mara ya kwanza nilipoelewa thamani yake ilikuwa Agosti. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa siku 4 ndani ya friji, nje yake saa 4 tu kama chumba hakina joto, na kwa joto la Dar mimi sihesabu hata hizo 4. Nilikuwa naamka saa 10 alfajiri kukamua kwa mkono, chupa mbili za mililita 150. Mwenye kuwahi kukamua anajua mililita 150 ni nini ukiwa umechoka. Siku hiyo nafika, nafungua daftari: "Umeme umekatika saa 4, umerudi saa 9. Chupa ya pili tumemwaga. Amekula uji mara 2 na parachichi. Samahani mama."

Nilisimama pale getini machozi yananitoka kwa ajili ya chupa moja ya maziwa. Hasira kwanza, niliona kama wamenimwagia usingizi wangu wa alfajiri. Tulipofika kwenye basi ndipo nilipofikiri: kuyamwaga walikuwa hawalazimiki. Wangeweza kumpa, au wangemwaga wakanyamaza, chupa ingerudi tupu na mimi ningeambiwa hana shida. Hakuna ambaye angejua. Waliandika.

Alipotimiza mwaka mmoja aling'atwa shavuni na mwenzake. Safari hii walipiga simu saa 5 asubuhi, kabla ya daftari, wakanieleza alama ilivyo, kwamba ngozi haijachanika, wameosha kwa sabuni na kuweka barafu. Nilitaka kujua mtoto gani. Bibi akakataa kuniambia. Nilikasirika sana, nikamwambia ni haki yangu kujua nani anamng'ata mwanangu. Akasema kwa upole, "Nitakuambia nilichofanya ili lisirudie. Jina la mtoto wa mwenzio sitoi." Wiki sita baadaye Mengineyo ikasomeka: "Leo yeye ndiye amemng'ata mwenzake mkononi. Meno yanamsumbua, tumempa kitambaa baridi cha kutafuna." Mzazi wa yule mwingine nakutana naye getini kila asubuhi, tunasalimiana vizuri, na hajui. Nashukuru hajui.

Kuna jingine ambalo mume wangu bado linamuuma. Alirudi kutoka Tunduma siku mbili mapema, akataka kunishtua kwa furaha, akaenda kumchukua mtoto yeye mwenyewe. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, ila picha hatukuwahi kupeleka, na dada wa siku hiyo alikuwa hajamwona hata mara moja. Akamwekea kiti kibarazani, akampa maji, na mtoto hakumpa mpaka waliponipata mimi kwenye simu. Na simu yangu ilikuwa kwenye chaji ofisi ya nyuma. Dakika 40 baba mzazi amekaa anamsikia mwanawe anacheka ndani. Alinipigia amefura: "Wameninyima mtoto wangu!" Nilimpa pole kwa moyo wote, kwa sababu mtu aliyetoka safari ya siku tano hastahili hilo. Lakini usiku ule nililala vizuri kuliko siku zote tangu nijifungue. Kesho yake tulipeleka picha yake ya pasipoti.

Sasa niseme yale ambayo siyapendi, maana yapo.

Chumba cha wachanga kina joto. Kina feni moja na dirisha la upande mmoja, na Januari na Februari mwanangu alikuwa na vipele vya joto shingoni na mapajani karibu kila wiki. Nimemwambia Bibi aongeze feni, akasema sawa, na mpaka leo feni ni moja. Hapo namlaumu, na nimemwambia ana kwa ana.

Uji ulikuwa na sukari. Ni uji mzuri wa lishe, mpishi anausaga unga mwenyewe, ila sukari ilikuwa nyingi, na kliniki wanatuambia mtoto wa chini ya miaka 2 hahitaji sukari ya kuongezwa. Bibi alisema bila sukari watoto hawali. Tulibishana zaidi ya mara moja. Mwishowe tumekubaliana uji wa mwanangu uchotwe kabla sukari haijatiwa, na sasa watoto watano wanachotewa hivyo. Anaula. Wiki ya kwanza alikataa, daftari lilisema "amekataa, amekataa, amekula kijiko 4", na ya pili akazoea.

Jumamosi wanafunga. Kwa mtu wa Kariakoo hilo ni tatizo kubwa, kwa sababu Jumamosi ndiyo siku ya mauzo. Mwanangu Jumamosi anashinda kwa mama yangu mdogo, Mbezi Luis, na mama mdogo mwenyewe ana magoti. Kila Ijumaa usiku nampigia kuuliza kama ameamka salama, na kwa kweli nauliza kama ataweza. Sijapata jibu la jambo hili.

Na Januari waliongeza watoto. Chumba cha wachanga kikawa na 9, dada bado 2. Nililiona kwenye daftari kabla sijaliona kwa macho: maelezo yakawa mafupi, "amekula, amelala", na siku mbili ukurasa ukawa mtupu kabisa. Ndipo nilipoogopa. Nilikwenda kumwambia Bibi kwamba ukurasa mtupu unanikumbusha kule nilikotoka, na nikamweleza habari ya kile kikombe, ambayo nilikuwa sijamwambia. Akanyamaza muda mrefu. Mwezi wa tatu akaita kikao cha wazazi Jumapili jioni, akatueleza hesabu zake waziwazi: kodi ya nyumba, umeme, maji, chakula, mishahara. Akasema dada wa tatu kwa wachanga anawezekana ada ikipanda kutoka Sh130,000 kwenda Sh140,000 kwa mwezi. Wapo waliokataa, na familia moja iliondoka. Mimi nilikubali siku ile ile. Dada nyumbani nilikuwa namlipa Sh80,000 pamoja na kula na kulala, kwa hiyo naijua tofauti, na kwangu Sh10,000 si kitu kidogo. Chakula ni Sh30,000 juu yake. Lakini macho mawili zaidi ndani ya chumba kile ni kitu ambacho siwezi kukinunua mahali pengine.

Kuhusu walezi wenyewe nataka kusema zaidi kidogo. Dada anayemlea mwanangu anatoka Handeni. Ana mtoto wa miaka minne, amemwacha kwa bibi yake, na anamwona Idi na mwisho wa mwaka. Aliniambia siku moja tukiwa tumekaa kibarazani namfunga mwanangu mgongoni, aliniambia kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Wangu naye alikuwa anapenda kuvuta hereni hivi hivi." Sikujua niseme nini. Mimi namwachia wangu ili nikafanye kazi, na yeye amemwacha wake ili amlee wangu. Neno la tatu mwanangu alilojua kusema ni "Dada", baada ya "mama" na "maji". Yule aliyekuwepo kabla yake aliondoka Desemba kwa sababu ya mshahara, na mwanangu alilia wiki nzima akiachwa getini, anatazama mlango wa chumba kama anayesubiri mtu atoke. Ndiyo maana kwenye kikao nilisema kama ada inapanda, sehemu yake iende kwa dada hawa hata kabla ya feni. Bibi anasema imeenda. Dada mwenyewe amenithibitishia.

Siku niliyokijua kituo hiki sawasawa ilikuwa ya mvua, masika haya, mwezi wa nne. Tangu mtoto atimize mwaka natoka kazini saa 11, na wanafunga saa 12 na nusu. Siku hiyo Jangwani ilijaa maji, barabara ikafungwa, mabasi hayavuki. Watu tulisimama Gerezani mamia kwa mamia, simu yangu ina asilimia 9. Nikampigia Bibi nikamwambia sijui nitafika saa ngapi. Akasema, "Tafuta njia taratibu mwanangu, usipande pikipiki ya mwendo mkali kwenye maji. Huyu yuko kwangu." Nilizunguka kwa daladala, kisha kwa miguu, kisha bodaboda, viatu nimevishika mkononi. Nilibisha hodi saa 3 kamili usiku.

Bibi mwenyewe alifungua. Mwanangu alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kwa kanga, shavu limelala kwenye bega, ametota jasho la usingizi. Mezani kulikuwa na bakuli lenye mabaki ya wali na mchicha, na daftari limefunguliwa. Ameoga saa 1. Amekula saa 1 na nusu, amemaliza. Ameniulizia mara mbili, "mama", akaonyeshwa mvua dirishani. Amelala saa 2 na robo. Na chini, kwa mwandiko wa Bibi safari hii: "Kuchelewa, nusu saa 5, Sh10,000."

Ndiyo, alinitoza. Kanuni yao ni Sh2,000 kwa kila nusu saa na imeandikwa kwenye fomu niliyosaini. Wakati ule iliniuma, kwa sababu nauli ya kuzunguka ilikuwa imeshanimaliza, nikamwambia nitalipa mwisho wa mwezi. Akasema hakuna haraka. Kisha akanifunga mtoto mgongoni yeye mwenyewe, akanitia mfuko wa nailoni kichwani, akanisindikiza na tochi mpaka barabarani. Kesho yake dada aliyebaki naye kumsaidia usiku ule akaniambia Bibi alishampa yeye ile Sh10,000, mfukoni mwake, kabla mimi sijailipa.

Mwezi wa tano waliandika kwenye Mengineyo: "Kadi inaonyesha chanjo ya surua-rubela ya miezi 18 bado." Ile ya miezi 9 nilikumbuka, hii ya pili ilikuwa imenitoka kabisa. Niliomba ruhusa nikampeleka kesho yake.

Sasa wifi, hesabu zako. Ukijifungua Agosti, siku 84 zitaisha Novemba. Chumba cha wachanga kimejaa hadi Januari, wakubwa wakianza shule ndipo wadogo wanapandishwa, na Bibi ana orodha. Nenda ukaandikishe jina sasa hivi, tumbo likiwa bado, fomu ni Sh20,000. Hiyo miezi miwili ya katikati tutaongea na mama mdogo, magoti yakikubali. Nenda Jumanne au Jumatano, saa 5 asubuhi. Usipige simu kwanza.